Hodi kwenye Mashine ya Nne

Walimpa jina la Slaidi siku ile ile ya kwanza, na jina likamganda. Aliingia kwenye chumba cha kufulia cha hospitali akiwa na projekta mkononi, akatafuta ukuta usio na unyevu, hakuuona, mwishowe akawaomba wapigapasi wawili wamshikie shuka. Juu ya shuka hilo akawaonyesha watu jinsi maisha yao yatakavyokuwa mazuri: jengo jipya, mashine mpya sita, hakuna tena kupumua mvuke kutwa nzima, hakuna tena kiuno kuuma. Wapigapasi wakawa wanachoka mikono, na jengo jipya likawa linapepea na kukunjamana mbele ya wenyewe watakaohamia.

"Mmeelewa?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Kuna swali?"

"Hakuna, mama."

Slaidi akafurahi. Hii ndiyo iliyokuwa kazi yake, kuhamisha watu. Ofisi hii ikitaka kuungana na ile, kiwanda kikitaka kubadili mitambo, anaitwa yeye. Alizijua kwa moyo hatua ambazo mtu hupitia akibadilishiwa mambo: kwanza anakataa, halafu anakasirika, halafu anahuzunika, mwisho anakubali. Hawa walikuwa wameruka moja kwa moja mpaka kwenye kukubali. Mtu mwenye akili timamu angeogopa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na hilo hata mtoto anafundishwa. Lakini yeye alimpigia simu Mkurugenzi wa hospitali akamwambia watu wako tayari.

Kitu kimoja tu kilimkera. Kila mashine ilipotaka kuwashwa, yule aliyekuwa zamu aliupiga mlango wake kwa kiganja na kusema, "Hodi." Kisha akasubiri. Waliokuwa karibu nao wakanyamaza, hata kama walikuwa katikati ya mzaha mtamu. Kikapita kitambo, kirefu kuliko adabu inavyotaka, mpaka mmoja wao akasema, "Haya," ndipo kitufe kikabonyezwa na kelele zikarudi.

Alimuuliza Shangazi. Huyu alikuwa msimamizi wa meza ya kukunjia, mama mtu mzima ambaye kila mtu pale, hata wenye mvi zao, alimwita shangazi.

"Ni mazoea tu, mama," Shangazi akajibu, macho kwenye foronya.

Slaidi akaona kama ni mazoea, basi yanaachika. Akayatolea tangazo kwenye semina, kwa upole na tabasamu: mashine mpya zina milango inayojifunga yenyewe na akili za kutosha, hazina haja ya kubishiwa hodi, na wageni wakituona watatucheka. Watu wakaangalia chini. Hakuna aliyepinga.

Na semina yenyewe ilikuwa ujanja wake. Kwingine alikokwenda alikuwa ameona watu wakilia siku ya kuhama, wakishikashika kuta, wakichelewesha malori. Hapa akaona awaondolee uchungu. Akawapeleka wote ukumbini, wakala vizuri, wakafundishwa mashine mpya. Huku nyuma malori yakahamisha vitu, mafundi wakazikatakata mashine za zamani kuwa vyuma chakavu, na jengo likaangushwa. Semina ilipokwisha, basi liliwashusha kwenye mlango wa jengo jipya. Hakukuwa na kuaga wala machozi. Slaidi alijipongeza sana kwa wazo hilo. Kweli kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake.

Kitu cha pekee kilichosalimika ni mizani ya zamani ya kupimia mafurushi ya nguo, ya kusimama chini, yenye mshale mwekundu na uso wa saa. Ilipakiwa kwenye lori kwa bahati mbaya. Slaidi alitaka itupwe, maana kila mashine mpya ilikuja na mizani yake ndani: inapima nguo na kuonyesha kilo kwenye kioo kidogo juu ya mlango. Shangazi hakubishana naye. Aliiburuta mizani mpaka kando ya meza yake, akaifuta vumbi, akaiacha hapo.

Jengo lilikuwa jeupe, linanuka rangi. Asubuhi ya kwanza mashine zikaunganishwa umeme, vioo vikawaka kimoja baada ya kingine: sifuri, sifuri, sifuri. Cha nne kikawaka hamsini na mbili.

"Ina nguo?" Slaidi akauliza.

Mtu wa karibu akachungulia kwenye mlango wa kioo, akarudi nyuma hatua moja. "Tupu, mama."

Akaitwa fundi wa kampuni iliyouza mashine, kijana wa maneno mengi mwenye kalamu sikioni. Akarudisha mizani kwenye sifuri, akaenda kunywa chai, akarudi akakuta hamsini na mbili. Akafungua mlango, akatia mkono, akapapasa pipa lote. Hakuna kitu. Kwa kuwa alikuwa fundi kweli, akachukua sanduku lake la vifaa, ambalo uzito wake aliujua, akaliweka ndani. Kioo kikaongeza uzito wa sanduku, barabara, juu ya zile hamsini na mbili. Akalitoa polepole. Maneno yake mengi yakawa yamemwisha.

"Mizani ni nzima," akamwambia Slaidi bila kumtazama. "Inapima vizuri."

Akaondoka. Kalamu yake ilianguka mlangoni na hakurudi kuichukua.

Tangu hapo kazi ikawa nzito. Watu walikuja kwa wakati, wakaamkia, wakavaa aproni, wakajaza mashine nguo. Lakini ikifika kubonyeza kitufe, kila mmoja anamwangalia mwenzake. Huyu anakwenda msalani, yule anakumbuka amesahau sabuni. Siku mbili wapigapasi wanne waliumwa tumbo kwa pamoja. Wa kushangaza kuliko wote alikuwa Fundi Boila, jitu la mtu, mkimya, ambaye kule kwa zamani alishughulika na boila, mtambo wa mvuke, peke yake. Boila jipya lilijiendesha, kwa hiyo Slaidi akampandisha cheo: akamkabidhi vitufe vya mashine zote. Jamaa alishukuru, akasimama mbele ya mashine mikono mfukoni, na mfukoni ikabaki. Akiambiwa awashe, jasho linamtoka mpaka shingoni, halafu anamwomba mwingine amsaidie.

Wodini mashuka yakaisha. Wagonjwa wakalala juu ya plastiki tupu ya magodoro. Mkurugenzi akapiga simu, na huyu hakuwa mtu wa kupaza sauti, jambo lililomfanya atishe zaidi.

"Ijumaa nakuja mwenyewe," akasema. "Nikikuta hata mashine moja imelala, Jumatatu kazi inachukuliwa na kampuni ya nje, na watu wako wote wanakwenda nyumbani. Na wewe vilevile."

Slaidi akakata simu akakaa juu ya toroli la nguo chafu. Kwa mara ya kwanza aliziona nyuso zile moja moja: huyu analea wajukuu, yule ndiyo kwanza amepanga chumba, Shangazi amebakiza kidogo astaafu. Aliona aibu. Alikuwa amewaahidi maisha mazuri juu ya shuka.

Watu walipotoka kwenda kula mchana, alibaki peke yake. Jua lilikuwa linaingia madirishani, chumba kinang'aa, na hakuna pembe ya kujificha hata paka. Akasogea kwenye mashine ya nne. Kupitia kioo cha mlango aliliona pipa zima, chuma kitupu chenye matundu. Namba ikasema hamsini na mbili. Kisha, huku anaitazama, ikawa hamsini na moja. Ikarudi hamsini na mbili. Ikashuka tena, ikarudi tena, taratibu, naye akajua anachokiona. Ndivyo mizani inavyofanya ukisimama juu yake muda mrefu, ukachoka mguu mmoja, ukaegemea mwingine.

Hakukimbia. Alitaka kukimbia, lakini miguu ilikataa, na katika kusimama hivyo bila hiari likamjia jambo: hajawahi kumuuliza mtu yeyote hapa swali ambalo hakuwa na jibu lake mwenyewe.

Alimkuta Shangazi nje, kwenye benchi, anamenya chungwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Ilikuwa mara ya kwanza asimwite mama.

"Kule kwa zamani tumeacha nini?"

Shangazi akamkatia kipande cha chungwa, akampa, ndipo akajibu. "Hatukuacha kitu. Hiyo ndiyo shida."

Akamsimulia. Mashine za zamani zilikuwa na tabia ya kumeza mashuka. Ncha inaingia kwenye tundu la pipa, inanasa, na lazima mtu aingie ndani ainasue. Kulikuwa na kaka mmoja aliyeweza kupita kwenye ule mlango, wakimwita Mwembamba. Mtu wa vichekesho. Kila Jumatatu alipanda kwenye mizani ya mafurushi mbele ya watu wote, akavuta pumzi na kutoa kifua, na mshale haukumwonea haya.

"Kilo hamsini na mbili," Shangazi akasema. "Miaka nenda miaka rudi. Tulimlisha, wapi. Nikawa namwambia, wewe hata ukibeba deni hutaongezeka."

Slaidi akageuka akatazama madirisha ya jengo.

"Siku moja yumo ndani. Mtu akapita, akaona mashine imejaa, mlango umerudishwa, akajua imesahauliwa. Akabonyeza." Akalifuta chungwa kwa aproni bila sababu. "Hakuwa na kosa. Nani angeona? Lakini aliyebonyeza ni shemeji yake mwenyewe, amemwoa dada yake. Unamjua. Ndiye uliyempa vitufe."

Slaidi akaikumbuka ile mikono mfukoni. Akafumba macho. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye alimkabidhi nyoka mwenyewe, akamwita cheo.

"Ndipo tukaanza hodi," Shangazi akaendelea. "Hakuna aliyetuamuru. Tunabisha, tunasubiri mtu mwembamba apate nafasi ya kutoka. Basi. Halafu ukaja wewe. Ukatupeleka kula, tukarudi tukakuta kwake pamebomolewa na hatukumuaga. Ulitaka akae wapi? Kaja nasi."

"Naweza kuita watu wa dini," Slaidi akasema. "Wamwombee. Apumzike, aondoke, msiogope tena."

Shangazi akamgeukia, na kwa mara ya kwanza alikuwa amekasirika waziwazi. "Nani amekwambia tunamwogopa? Mwembamba wetu? Tunaogopa kidole, mwanangu. Tunaogopa mmoja wetu atabonyeza, naye yumo. Mara ya pili. Na safari hii hatutaweza kusema hatukujua."

Chungwa likaisha. Slaidi alitaka kusema neno la vitabuni na hakulipata, na labda hilo ndilo lililomwokoa. Alilia kidogo, na Shangazi akamwacha alie.

Ijumaa asubuhi aliwakusanya watu kabla ya kazi. Hakuja na projekta.

"Niliwahamisha kama makabati," akasema. "Niliona mnakubali, kumbe mlikuwa mmenyamaza. Nimeambiwa kuhusu kaka yenu. Naomba mnisamehe. Kuanzia leo hodi irudi, na mtu asubiri kadiri anavyotaka kusubiri. Saa zikipotea nitajibu mimi."

Hakuna aliyepiga makofi. Fundi Boila, nyuma ya wote, aliinamisha kichwa chake kikubwa. Lakini dobi mmoja, mwanamke mnene mwenye sauti, akaenda kwenye mashine ya kwanza, akaupiga mlango kwa kiganja. "Hodi." Wakasubiri. "Haya," mtu akasema. Mashine ikanguruma. Ya pili ikafuata, ya tatu, ya tano, ya sita. Mara pasi zinachemka, utani umerudi, mtu anamwambia mwenzake kwamba shuka alilolikunja linafanana na ubongo wake. Matoroli ya mashuka meupe yakaanza kupanda wodini, na Slaidi aliona kwa macho yake jambo ambalo hakuna slaidi iliyowahi kumwonyesha, yaani watu wakitoa pumzi waliyoizuia tangu siku ya semina.

Ya nne wakaiacha. Hamsini na mbili. Hodi ilibishwa pale pia, na namba haikusogea.

"Hataki," dobi mnene akanong'ona.

"Hajaamua," Shangazi akasema.

Mkurugenzi akaingia saa ya jua kali, koti limefungwa vifungo vyote. Akapita akikagua, akagusa shuka, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaiona mashine ya nne.

"Hii?"

"Tunaiacha kwa leo, Mkurugenzi," Slaidi akasema. "Kwa hizi tano tunatosheleza wodi zote."

"Nilisema hata moja." Akainama akachungulia kwenye kioo cha mlango. "Ni tupu. Inaonyesha uzito gani huu? Iwasheni, izunguke tupu, itajirekebisha." Alipoona hakuna anayesogea, akanyoosha kidole mwenyewe.

Slaidi akamdaka mkono. Hakupanga kufanya hivyo. Alijikuta ameushika, mkono wa bosi wake, juu kidogo ya saa, na ameung'ang'ania.

"Samahani, Mkurugenzi. Kwanza hodi."

"Unanichekesha?"

"Sikuchekeshi."

Kitu usoni pake kilimfanya Mkurugenzi ashushe mkono. Slaidi akauelekea mlango wa mashine. Aliogopa, na hakujali nani anaona kwamba anaogopa. Akaweka kiganja kwenye kioo, kikawa baridi kuliko alivyotegemea, akapiga mara moja.

"Hodi," akasema. Akasubiri. "Hodi, kaka. Mimi ndiye niliyewahamisha bila kukuaga. Nisamehe. Tunataka kuwasha hapa. Tunakuomba utoke, usiondoke. Toka tu humu."

Namba ikasimama hamsini na mbili. Mahali fulani bomba likadondosha tone. Fundi Boila alikuwa amesogea mbele bila mtu kumwona, jasho linamtiririka.

Ndipo namba ikawa thelathini. Ikakaa hapo, kama anavyokaa mtu aliyetoa mguu mmoja dirishani akitafuta pa kukanyaga. Ikawa tisa. Ikawa sifuri.

Dobi mnene akarudi nyuma hatua moja. Aliyefuata naye akarudi, na wa baada yake, bila mtu kuambiwa, mpaka ukafunguka ujia mwembamba sana katikati ya watu, kutoka mlango wa mashine hadi kwenye meza ya kukunjia. Shangazi akasogeza kiti chake. Mkurugenzi, ambaye hakumpisha mtu tangu apate cheo, alijikuta ameubana mgongo wake ukutani.

Mizani ya zamani ikalia. Ilikuwa na mlio wake wa chuma uliochoka, na wote waliujua. Mshale mwekundu ukatikisika, ukapanda, ukapita arobaini, ukapita hamsini, ukatulia.

"Hata robo hajaongezeka," Shangazi akasema, na machozi yakamwagika juu ya foronya aliyokuwa ameishika.

Fundi Boila akautazama mshale. Akautazama kwa muda mrefu, akageuka akaitazama mashine, akaurudia mshale. Kisha akatoa mkono wa kulia mfukoni. Slaidi akasogea akasimama kando yake, bega kwa bega.

"Kaa hapo hapo, shemeji," Fundi akasema. "Usije huku."

Akabonyeza.

Pipa likazunguka, tupu, na hakikusikika kitu kingine ila maji. Fundi alisimama kidole kikiwa bado hewani, analia kwa sauti kama mtoto mdogo, na watu wakamwacha alie mpaka mashine iliposimama. Muda wote huo mshale haukusogea.

"Jumatatu endeleeni na kazi," Mkurugenzi akasema. Akajipapasa vifungo vya koti, ingawa vyote vilikuwa vimefungwa, akatoka akipita kandokando ya ukuta, mbali kabisa na mizani. Alipofika mlangoni aligeuka, akainamisha kichwa kidogo kuelekea kwenye meza ya kukunjia, na haikuwa kwa Shangazi.